Tamko la Wafanyabiashara Wadogo wa Kariakoo Kuhusu Ukomo wa Vizimba



Sisi wafanyabiashara wadogo tunaouza katika mitaa ya Kariakoo, Gerezani na Mchikichini, baada ya kukutana na kujadiliana, tunatoa tamko hili juu ya idadi ya vizimba inayopangwa kuwa mwisho wa kila eneo la biashara ndogo, na juu ya swali ambalo idadi hiyo peke yake haijibu: aliyepewa kizimba atakula?

Msimamo wetu ni huu. Ukomo tunaukubali. Tusichokubali ni ukomo unaopatikana kwa kugawanya mita za mraba kwenye ramani bila muuzaji kuulizwa chochote. Kila eneo lina idadi ya juu ya wauzaji, ambayo ikizidi watu wanakanyagana na moto ukizuka hakuna pa kupita. Lakini kila eneo lina pia idadi ya chini, ambayo soko likiwa chini yake haliwezi kujiendesha: mteja hapati sababu ya kulifuata, na gharama za pamoja zinawaelemea wachache waliomo. Mipango mingi tuliyoishuhudia imehesabu idadi ya juu ikasahau ya chini. Matokeo yake ni masoko yenye vizimba vilivyopangwa vizuri visivyo na watu, na mitaa iliyojaa watu wasio na vizimba.

Tuanze na sababu za kuukubali ukomo, maana wapo wanaodhani wamachinga hatutaki utaratibu wowote. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Januari 2022 likaungua soko la Karume pale Mchikichini, na watu waliolala wakiwa na mtaji wakaamka hawana kitu. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka kwenye eneo la Mchikichi na Congo, likaua watu zaidi ya 20, na kwa siku kadhaa waokoaji walifukua kifusi wakiwatafuta waliokuwa hai chini yake. Tulikuwepo. Wengine wetu tulibeba mawe kwa mikono. Hakuna anayehitaji kutufundisha kwamba gari la zimamoto na gari la wagonjwa lazima yapate njia. Njia ya dharura katika mitaa ya Congo, Mchikichi, Sikukuu, Swahili na Tandamti iwekewe alama ya rangi chini, na meza yoyote iliyovuka alama hiyo iondolewe, awe mwenyewe ni mwanachama wetu au la. Vivyo hivyo hatutamtetea anayetandaza bidhaa kwenye mlango wa duka la mwenzake anayelipa kodi ya pango. Mwenye fremu siye adui yetu. Mzigo tunaouza, sehemu kubwa tunauchukua kwake.

Hapo ndipo ilipo siri ya Kariakoo ambayo wapangaji wa masoko madogo ya pembezoni huwa hawaioni. Kariakoo haiuzi kwa sababu ina majengo mazuri. Inauza kwa sababu mfanyabiashara wa Songea, wa Kigoma, wa Lubumbashi, wa Lusaka au wa Comoro akishuka hapa na orodha yake, ataikamilisha ndani ya mitaa michache: vitenge mtaa huu, vipodozi mtaa ule, vyombo vya plastiki nyuma yake, mabegi ya kubebea mzigo wote huo mbele ya mlango. Anayemuuzia kamba ya kufungia belo, anayemuuzia maji baridi, kuli mwenye toroli, mamantilie aliyepakua wali saa tano, wote wanaishi kwa mguu wa mteja mmoja. Ukimchukua muuza kamba ukampeleka kilomita nane kutoka hapo, hata ukimpa kizimba chenye paa, taa na kitasa, umempa kila kitu isipokuwa mtu wa kufunga belo.

Waliolijenga Soko Kuu walilielewa jambo hili. Msanifu wake, Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, hakuchora maghala. Alichora soko lenye shimo la kupokelea mzigo wa jumla, sakafu ya chini ya rejareja, na juu yake miavuli mikubwa ya zege inayokinga maji ya mvua na kuacha hewa ipite, katika jiji ambalo mwezi Februari mtu akikaa chini ya bati hadi saa nane mchana anazirai. Mwalimu Nyerere alilifungua mwaka 1975. Mzigo uliingia chini, mteja alipita katikati, na muuzaji alikuwa pale mteja anapopita. Kwa kipimo hicho ndivyo tungependa masoko ya leo yapimwe.

Historia ya kututoa mitaani ni ndefu na hatutairudia yote. Mwaka 1983 ilikuja Sheria ya Nguvu Kazi, iliyomhesabu kijana anayetembeza bidhaa kuwa hana kazi. Mwaka 2006 ilikuja bomoabomoa ya vibanda. Desemba 2018 tukapewa vitambulisho vya shilingi 20,000, kwa mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, na mitaa ikafunguka. Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akaelekeza wamachinga wapangwe vizuri bila kuonewa, na Oktoba mwaka huohuo tukaondolewa barabarani na kuelekezwa kwenye maeneo yaliyotengwa. Agizo la kutupanga bila uonevu tuliliunga mkono na bado tunaliunga mkono. Kasoro ilikuwa kwenye maeneo yenyewe. Baadhi yalikuwa uwanja mtupu uliochorewa mistari ya chokaa, pasipo choo, pasipo kivuli, daladala ikipita bila kusimama.

Jengo la Machinga Complex pale Karume ni somo ambalo jiji hili limekwisha kulilipia. Lilijengwa kwa mkopo wa mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF, likakamilika mwaka 2010, likiwa na maelfu ya vizimba. Kwa karatasi, idadi ile ilikuwa jibu. Lakini kwa miaka mingi sehemu kubwa ya vizimba vile ilibaki tupu, hasa vya ghorofani, huku mtaa wa Congo ukifurika. Watu walisema wamachinga ni wakaidi. Sisi tunasema muuzaji haendi mahali ambapo mnunuzi haendi. Mnunuzi wa soksi, wa chaja ya simu, wa pini za nywele hatoki nyumbani akiwa amepanga kununua soksi. Anaziona akipita, anasimama, ananunua. Bidhaa za namna hiyo haziwezi kupandishwa ghorofa ya pili. Anayefuatwa hadi juu ni fundi cherehani, fundi simu, msusi, muuza vitambaa vya mapazia, yaani yule ambaye mteja amemkusudia. Kama vizimba vile vingegawiwa kwa aina ya biashara badala ya kugawiwa kwa namba, tunaamini jengo lile lingekuwa na historia nyingine. Nairobi nao walijenga soko la Muthurwa kwa ajili ya wachuuzi wa katikati ya jiji, na wengi wakarudi mitaani kwa sababu hiyohiyo.

Sasa tuombe ruhusa tufanye hesabu, kwa kuwa vikao vingi vya mipango huisha bila hesabu hii kufanywa. Ni hesabu ya mfano, lakini yeyote anayeuza hapa ataitambua. Chukua muuza soksi. Dazeni moja ya jozi 12 anaichukua dukani kwa shilingi 8,000, anauza kila jozi kwa 1,000, na kwenye kila dazeni anabaki na 4,000. Kutwa yake ina gharama ambazo hazimsubiri auze: nauli ya kwenda na kurudi 2,400, chai na chakula cha mchana 3,000, choo cha kulipia 600 kwa kwenda mara mbili, ushuru 1,000, mlinzi wa usiku 1,000, na stoo ya kuweka mzigo 1,000. Jumla shilingi 9,000. Ina maana lazima auze jozi 27 kabla hajapata hata mia ya kupeleka nyumbani. Akiwa mtaa wa Congo anauza dazeni 6, anabaki na 15,000: kodi ya chumba, unga, ada na madaftari ya mtoto, na marejesho ya kikoba. Mhamishie eneo ambalo anauza dazeni 2. Faida yake ni 8,000, gharama zake ni zilezile 9,000. Kila siku anayofungua kizimba anakula shilingi 1,000 ya mtaji wake. Kabla mwaka haujaisha atakuwa ameshachukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kunyonya, ili aendelee kukaa kwenye kizimba ambacho taarifa ya mwaka itakihesabu kuwa kimefanikiwa kumpanga.

Eneo dogo linaumia kwa namna ya pili pia. Mlinzi wa usiku, taa, maji, mtu wa kuzoa taka na mtu wa kusafisha choo hawapungui bei kwa sababu vizimba ni vichache. Mlinzi akilipwa shilingi 300,000 kwa mwezi kwenye soko la vizimba 200, kila mmoja anachangia 1,500. Kwenye kieneo cha vizimba 20 kila mmoja anachangia 15,000, na huyo ni mlinzi tu. Kwa hiyo soko dogo linaanza na wateja wachache na gharama kubwa zaidi kwa kila meza. Wa kwanza kuondoka ni wale wenye uzoefu, wanaobaki wanaongezewa mchango, nao wanaondoka, na baada ya miezi michache majani yanaota katikati ya meza. Hali hiyo tumeiona katika zaidi ya wilaya moja ya mkoa huu.

Hatusemi soko dogo haliwezi kuishi. Yako madogo na ya kati yanayoishi vizuri, na yote yana moja ya mambo mawili. La kwanza ni kukaa kwenye njia ya watu: mbele ya kituo cha daladala au cha mwendokasi, karibu na hospitali, karibu na stendi. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze kufanya kazi mwaka 2016, kila anayeshuka Gerezani au Msimbazi ameonyesha kwa miguu yake mahali pa kuweka meza. Hakuna utafiti unaopita huo. La pili ni kuwa na jina la bidhaa. Mkazi wa Dar es Salaam akitaka samaki anakwenda Feri. Akitaka nafaka anakwenda Tandale. Akitaka ndizi anakwenda Mahakama ya Ndizi kule Mabibo. Akitaka mboga za jumla anakwenda Temeke Stereo, akitaka mitumba anakwenda Karume au Ilala. Masoko haya hayakuhitaji mgambo wa kuwapeleka watu. Mteja aliyafuata kwa sababu anajua akifika atakuta wauzaji wengi wa kitu kilekile, atalinganisha bei, atachagua. Wauzaji 20 wa bidhaa 20 tofauti kwenye uwanja wa pembeni hawana nguvu hiyo. Wauzaji 60 wa viatu vya watoto wanayo. Anayeweka ukomo wa vizimba 20 mahali kama hapo ameshalihukumu soko lile kabla halijafunguliwa.

Kuna pia suala la ukubwa wa kizimba, ambalo linachukuliwa kuwa dogo na si dogo. Ili idadi ipendeze, kizimba hupunguzwa hadi meza ya futi nne kwa kila mtu, bidhaa zote sawa. Muuza soksi futi nne zinamtosha na zinabaki. Muuza viatu vya mtumba hazimtoshi, kwa kuwa mteja lazima akae, avue, ajaribishe, na mguu wa pili utafutwe kwenye gunia. Mamantilie hazimtoshi hata kidogo: ana jiko la mkaa, ndoo ya maji ya kunawa, benchi la wateja, na mtoto mgongoni. Kumbana mamantilie na jiko lake katikati ya meza mbili za nguo za nailoni ni kukaribisha moto uleule tunaosema tunaukimbia. Mtu mwenye baiskeli ya magurudumu matatu naye hawezi kupewa kizimba cha juu, wala cha ndani kabisa ambako njia ni ya kupita kwa ubavu. Tunaomba vipimo vitofautiane kwa aina ya kazi, na sakafu ya chini iwe ya wenye ulemavu na wa bidhaa za kuonwa njiani kabla ya wengine wote.

Tuje kwenye jambo linalotuuma zaidi, nalo ni udalali wa vizimba. Ukomo unapowekwa chini ya mahitaji, nafasi yenyewe inageuka bidhaa. Mwenye jina kwenye orodha haji sokoni. Anayekaa kwenye kizimba amekodi kwa aliyekodi kwa mwenye jina, na kila mkono uliopitia umeongeza chake. Kwenye fremu tunakijua kilemba, yaani fedha anayopewa aliyetangulia ili aachie nafasi, na sasa kilemba kimeshuka hadi kwenye meza. Muuzaji halisi analipa mara tatu au nne ya ushuru unaofika jijini, na siku ya uhakiki ndiye anayefukuzwa, kwa sababu jina lake halimo popote. Ugonjwa huu si wa Kariakoo peke yake. Jiji la New York liliweka ukomo wa vibali vya vigari vya chakula mwaka 1983, vibali takriban 3,000 kwa jiji la mamilioni ya watu. Vibali vikaanza kukodishwa kwa siri kwa maelfu ya dola, wachuuzi wengi wao wakiwa wahamiaji maskini wakawa wanawafanyia kazi wenye karatasi, na ikachukua karibu miaka 40 hadi mwaka 2021 ilipopitishwa sheria ya kuongeza vibali kidogokidogo. Jiji tajiri kuliko letu lilishindwa kulizuia soko la siri ambalo ukomo wake wenyewe uliliumba. Sisi tusisubiri miaka 40.

Soko Kuu limejengwa upya kwa takriban shilingi bilioni 28 za umma, na tunaishukuru Serikali kwa dhati. Lakini orodha ya wa kurejea ilipotoka mwaka 2024, walikuwepo waliokaa miaka mingi pale ambao hawakuyaona majina yao. Hatutaki kumtuhumu mtu. Tunataka orodha ya kila soko la umma ibandikwe ukutani pale sokoni, kizimba kwa namba, jina la mwenye haki, aina ya biashara, na ushuru anaolipa, isomwe na kila mtu. Mtu mmoja awe na kizimba kimoja. Kizimba ambacho mwenyewe hajakifungua kwa miezi mitatu bila sababu ya ugonjwa au msiba kirudi kwa anayefuata kwenye foleni, na foleni nayo ibandikwe. Vitambulisho vya kidijitali vya wafanyabiashara ndogondogo tunavyosajiliwa vinatosha kulifanya hili, kwa kuwa vinamtambulisha mtu na biashara yake. Takwimu hizo zisiishie kwenye kukusanya ada ya kitambulisho.

Idadi ya juu na ya chini ya kila eneo ipatikane vipi? India walitunga sheria ya wachuuzi wa mitaani mwaka 2014. Inataka kila mji uwe na kamati ya uchuuzi ambamo wachuuzi wenyewe wasipungue asilimia 40, na theluthi ya hao wawe wanawake. Inakataza kumwondoa mtu kabla sensa ya wachuuzi haijakamilika. Ukomo wake ni asilimia 2.5 ya wakazi wa eneo. Kamati ya namna hiyo tunaitaka. Asilimia ile hapana, na tunaomba wataalamu wetu wasiinakili. Kata ya Kariakoo ina wanaolala wachache na wanaoshinda wengi mno. Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022, na sehemu yao kubwa hununua kitu Kariakoo wakati fulani, mbali na wageni wa mikoani na nchi jirani. Ukomo wa Kariakoo upimwe kwa wapita njia wanaohesabiwa saa mbili asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni, siku ya kawaida na siku za kuelekea Idi, Krismasi na kufungua shule. Ukipimwa kwa wakazi, utakuwa ukomo wa kutunyonga.

Kipimo hicho kitaonyesha pia kwamba mtaa mmoja una zaidi ya mtaa mmoja ndani yake. Mchana fremu ziko wazi, malori yanashusha, njia ni ya wenye maduka. Maduka yakifungwa jioni, baraza zilezile zinakuwa tupu na watu wanaotoka kazini wanaanza kupita. Mapema mwaka 2025 Serikali ilizindua biashara ya saa 24 Kariakoo. Tunasema huo ndio mlango. Tenga mitaa michache, funga magari kuanzia saa kumi na mbili jioni, weka taa za kutosha na askari wa doria, na eneo hilohilo litabeba wauzaji wa zamu ya pili bila kumbomolea yeyote. Vizimba vitaongezeka bila mita ya mraba kuongezeka.

Kwa anayehamishwa kwa sababu ya lazima, tunadai masharti yafuatayo yawe sheria ndogo ya jiji na yasibaki ahadi ya jukwaani. Notisi isipungue siku 90, itolewe kwa maandishi, na isiangukie kwenye msimu wa sikukuu ambamo muuzaji amekwisha kuchukua mzigo kwa mkopo. Choo, maji, kivuli na kituo cha daladala vitangulie kufika kabla ya muuzaji. Ushuru usitozwe miezi sita ya kwanza, mpaka wateja waijue njia. Wauzaji wa bidhaa moja wahamishwe pamoja, kwa idadi inayoweza kuvuta mteja, wasitawanywe kwa kura. Na baada ya mwaka mmoja eneo likaguliwe hadharani: kama zaidi ya nusu ya vizimba vimefungwa, mamlaka ikubali kwamba eneo halikufaa na itafute jingine, badala ya kumpeleka mgambo kumkimbiza aliyerudi mtaani kutafuta chakula cha wanawe. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ile ya 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, iwafikie kwanza waliohamishwa, kwa kuwa wao ndio waliopoteza wateja kwa uamuzi wa umma.

Tunajua tutaulizwa upande wetu utafanya nini. Tutahesabu wanachama wetu mtaa kwa mtaa na kukabidhi orodha hiyo kwa Halmashauri ya Jiji. Tutasimamia wenyewe alama za njia ya dharura kwa kuweka wasimamizi wenye vizibao katika kila mtaa. Hatutawapokea wanaokodisha vizimba vya umma, na kiongozi wetu atakayebainika kumiliki kizimba kwa jina la mwingine ataondoka kwenye uongozi. Jiko la mkaa halitawashwa katikati ya meza za nguo. Usafi wa saa mbili za asubuhi kila Jumamosi tutaufanya bila kusubiri kusukumwa.

Mazungumzo yanawezekana, na tumeyaona. Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalipofungwa kwa mgomo, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuja Mnazi Mmoja, akakaa na wafanyabiashara mbele ya kadamnasi, akawasikiliza mmoja baada ya mwingine, na hoja zikapokelewa mahali pa wazi. Wamachinga tunaomba meza kama ile kabla ya kufika kwenye mgogoro. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 22, inasema kila mtu anayo haki ya kufanya kazi. Sisi tumeshajipatia kazi, hatukuomba ajira kwa mtu. Tunachoomba ni mahali ambapo kazi hiyo inaweza kufanyika.

Kwa hiyo tunaiomba Ofisi ya Mkuu wa Mkoa, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, Shirika la Masoko ya Kariakoo na wizara inayosimamia makundi maalumu waitishe kikao cha pamoja cha kuunda kamati ya wauzaji na mamlaka, na hadi kamati hiyo itakapomaliza kuhesabu, idadi yoyote mpya ya vizimba isitangazwe na mtu yeyote asihamishwe, isipokuwa aliyeziba njia ya dharura. Tunawaomba wenye maduka waingie kwenye kamati hiyo nasi. Wanachama wetu wote wajiandikishe kwa viongozi wa mitaa yao, kila mmoja akiwa na kitambulisho chake na maelezo ya bidhaa anayouza.

Limetolewa Kariakoo, Dar es Salaam, na kamati ya uongozi kwa niaba ya wanachama.